Kidirisha cha Sahani

Fundi Chilumba aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole,
akatega sikio kama daktari, akasema:
"Huu haubebi kitu. Kesho saa sita humuoni."

Haubebi kitu.
Nyumba yenyewe ilijengwa miaka ya mradi wa karanga,
wazungu wakiamini udongo wa Nachingwea utawatii.
Karanga ziligoma. Nyumba ikabaki:
sakafu nyekundu, madirisha ya chuma yanayogoma kufunga,
swichi nyeusi za mviringo zinazoalika kama magoti,
na jiko lililofichwa nyuma kama aibu.

Mimi jiko nataka nilione.
Nikikuna nazi nimwone Zuhaila na hesabu zake,
nimsikie Shamte akiapa kuwa amesoma.
Nataka friji iondoke sebuleni,
imekaa humo kama mkwe, imevishwa kitambaa cha kufuma.
Korosho za mnada wa pili zimelipa saruji;
za mnada wa tatu, Mungu akipenda, marumaru.
Mume wangu anataka dari ya jipsamu yenye taa za buluu.
Tumekubaliana: hapana.

Lakini katika ukuta huo usiobeba kitu
kuna kidirisha, na chini yake ubao wa mninga.
Hapo babu yangu, Mzee Nampota, mpishi,
alisukuma sahani miaka minne,
supu, halafu nyama, halafu vile vitu vyao vitamu vinavyotetemeka.
Mikono yake iliingia chumba cha kulia.
Yeye hakuingia.
Tulipomuuliza bwana wake alikuwa na sura gani, alijibu:
"Namjua kuanzia kifuani mpaka kitovuni.
Shati jeupe. Kifungo cha tatu kimelegea."

Serikali ilipouza nyumba, mama, muuguzi, akainunua.
Akamleta babu, akamketisha mezani.
Babu akala kimya, akamaliza,
akainuka, akaipitisha sahani yake kidirishani,
kisha akatoka nje, akazunguka kwa mlango wa uani
kwenda kuipokea.
Tulicheka, tulikuwa watoto.
Mama hakucheka.

Jana mama amekaa juu ya ndoo ya rangi.
Nikamwambia, tukiache, tukipake vanishi,
wageni wa Dar wanapenda vitu vya kale, ni kumbukumbu.
Akanitazama.
"Kumbukumbu ya nani? Vunja.
Ila ubao usiende kuni."

Ukuta uligoma kuanguka mpaka alasiri.
Chilumba alibadilisha nyundo mara mbili, akaacha utani.
Kisha vumbi la chokaa, kikohozi,
na mwanga wa jikoni ukapita sebuleni kwa mara ya kwanza,
ukaikuta sakafu ina rangi tusiyoijua.

Ubao umebonyea katikati, umelika.
"Nipige randa?" akauliza fundi.
Nikamwambia asiuguse.

Sasa ndio meza, kati ya jiko na sebule.
Kalamu ya Zuhaila huviringika hadi bondeni, ikatulia.
"Mama, meza hii mbovu."
Ijumaa bibi yake huja, hataki sofa.
Huvuta stuli, wiki hii upande wa jiko,
wiki ijayo upande ule,
wala hasemi kwa nini.
Sinki bado linavuja.
Chilumba hapokei simu.