Tikisa Pamoja

Kibanda changu Luthuli, ghorofa ya pili,
hakizidi upana wa kitanda cha mtoto.
Hata hewa imejaa. Nikifungua blututhi
majina yanamiminika kiooni kama watu wanaokimbia mvua:
Simu ya Mutheu. Spika ya Kwaya. Usiniguse.
Runinga ya Jirani. Redmi, Redmi, Redmi.
Mojawapo ni ya baba.

Alileta vifaa vyake vya masikio ndani ya mkebe wa ugoro,
viwili, kama punje za maharagwe.
"Unganisha," akasema, kwa kelele
za mtu asiyejisikia mwenyewe.
Miaka thelathini na misumeno ya Gikomba
si mchezo.

Kuoanisha, wanaita. Jina zuri.
Vyombo viwili visivyojuana, visivyo na shangazi,
vipeane ahadi katikati ya soko
ambapo kila ukuta una sikio.
Na mwizi wa siku hizi havunji mlango.
Anajiketisha katikati kama mshenga:
huku anamwambia bibi, mimi ndiye bwana,
kule anamwambia bwana, mimi ndiye bibi,
na barua zote zinapita kwake
zikiwa zimefunguliwa.

Dawa yake ni namba sita.
Zitokee huku, zitokee kule,
soma, linganisha, ndipo ukubali.
Lakini punje ya maharagwe haina kioo,
na baba hubonyeza Kubali
kama anavyoitikia Amina
padri akiwa bado katikati ya sala.

Wiki jana alikubali kitu asichokijua.
Kijana wa kibanda cha nne, kwa utani tu,
akamnadia chaja ndani ya sikio:
"Mia mbili! Mia mbili ya mwisho!"
Baba akageuka, akautazama ukuta,
akaujibu ukuta: "Ni ghali."
Tulicheka.
Usiku, Umoja, sikucheka.
Sikio ni mlango usio na komeo,
na fundi ni mimi.

Nikaandika, nikafuta, stima ikaenda, ikarudi.
Sikutaka namba. Sikutaka neno la siri:
siri zake zote ziko nyuma ya kalenda ya benki,
kwa kalamu nyekundu, na zote ni 1952.
Nilitaka kitu ambacho tayari anacho.

"Shika vyote, mkono mmoja. Tikisa."
"Kama nini?"
"Kama kayamba."
Mara ya kwanza alitikisa kwa adabu, hakuna kitu.
Mara ya pili punje moja ikaruka chini ya kaunta,
tukaitafuta kwa tochi, magoti yakilia,
kati ya vumbi na skrubu za marehemu Nokia.
Mara ya tatu alitikisa
kama mkebe wa misumari, akiusaka ule ulionyooka.

Na mtikisiko mmoja ukaingia pande zote,
kila upande ukachonga ufunguo wake,
na funguo zikalingana
bila ufunguo wowote kupita hewani.
Kijana wa kibanda cha nne alikuwa anatazama.
Atikise ya kwake, aige mpaka kiwiko kimuume.
Hawezi kuiga kigugumizi
cha mkono ulioacha kidole cha shahada kwenye randa.

Taa ikawa kijani.

"Baba," nikasema. Nilikuwa na maneno, nimeyapanga.
Akainua mkono: nyamaza.
Akasikiliza mvua kwenye mabati ya Luthuli,
kwaya ya mtu fulani, pasi ya kuchomelea
ikinong'ona kwenye sifongo chake,
kisha kitu kingine, karibu zaidi,
akakifuata kwa macho mpaka pembeni.

"Hiyo feni yako," akasema,
na alisema kwa sauti ya chini,
"inataka mafuta."