Upana wa Safuwima ya Jina

Diski ya marehemu Endel ilifika makumbusho ya Vormsi
ndani ya soksi ya sufu, soksi moja, isiyo na mwenziwe.
Mpwa wake aliiweka mezani, akafuta miwani, akasema,
"Ni barafu tu. Miaka thelathini na moja ya barafu,"
akaenda zake kuwahi kivuko cha saa nane.

Nikafungua. Faili mia nne na kumi na mbili,
na safuwima nne, zile kompyuta huzaliwa nazo:
Jina, Tarehe ya Kubadilishwa, Aina, Ukubwa.

Tarehe ilikuwa ya kwanza kusema uongo.
Kila faili, juu hadi chini, Jumanne ileile ya Machi,
saa tatu na dakika arubaini na kitu,
siku mpwa aliponakili kila kitu kwa mpigo.
Majira thelathini na moja ya baridi
yameanguliwa asubuhi moja, kama vifaranga.
Nikabofya kulia juu ya kichwa, nikaondoa tiki.
Jumanne ikatoweka.

Aina: sauti, sauti, sauti, sauti.
Hata kasuku angechoka. Nikaiondoa.
Ukubwa nikauacha kidogo,
kisha nikakumbuka habari ya pua na kamasi,
nao ukaenda.

Likabaki Jina peke yake, limebanwa kushoto,
na weupe mtupu ubavuni mwake
kama bahari yetu ya Februari
tunapoivuka kwa magari, mikanda imefunguliwa,
mkono u tayari kwenye kitasa cha mlango.

Orodha ya safuwima zilizofichwa haina mwisho.
Mtunzi. Albamu. Muundo wa Kamera.
Nani angedhani kuna mahali
pa kuiuliza barafu jina la albamu yake?
Nikachagua Muda.
Nikabofya kichwa chake, kishale kikatazama chini,
na iliyo ndefu kuliko zote ikapanda juu:
saa tatu, dakika kumi na moja.
Endel alisahau kuzima. Barafu inaguna, inaguna,
kisha mlango, birika, kijiko,
kisha sauti yake ikimwuliza mtu asiyejibu
kama sukari imekwisha.

Nikabofya tena. Kishale kikageuka.
Fupi kuliko zote: sekunde nne.
Ufa mmoja, basi.
Niliisikiliza mara tisa.

Ndipo nikaona kwamba majina yamekatwa,
kila moja limeishia kwenye nukta tatu:
Ghuba ya kusini kabla…
Ghuba ya kusini kabla…
Ghuba ya kusini baada…
Nilidhani kabla ya jua, baada ya theluji,
mambo ya hali ya hewa.
Nikapeleka kipanya mpakani,
pale kishale kinapoota vichwa viwili,
nikabofya mara mbili,
na safuwima ikajinyoosha
kama mtu mzima aliyelazwa kitanda cha mtoto:

Ghuba ya kusini kabla Helju hajaamka
Ghuba ya kusini kabla Helju hajaamka, nimevaa viatu vyake
Ghuba ya kusini kabla ya daktari
Ghuba ya kusini baada ya daktari, Helju kakataa kurudi ndani
Ghuba ya kusini baada ya Helju

Hiyo ya mwisho, nilitazama kulia:
sekunde nne.

Tiiu alipita na funguo zake, taa za ukumbini zimezimwa,
akauliza kama nimemaliza kupanga.
Nikamwambia sijapanga kitu, nimepanua tu.

Nilipotaka kufunga, dirisha dogo likaniuliza
kama mpangilio huu utumike kwa folda zote.
Nikafikiria folda ya risiti: balbu, rangi ya uzio,
chumvi ya kumwaga ngazini.
Nani aziulize hizo zimedumu muda gani?
Nikabofya Hapana.
Soksi bado iko mezani.
Sijui iandikwe katika safuwima gani.