Di

Darasa letu liko juu ya duka la matairi,
mjini Casale, kila Jumanne na Alhamisi.
Mwalimu Ornella anafuta ubao kwa mkono wa sweta yake,
anaandika upya:
*penso di*, nafikiria ku-
*conto di*, nimeshapiga hesabu, natarajia ku-
*ho intenzione di*, nimetia nia.
"Msiiache hiyo *di*," anasema.
"Bila hiyo, nia yenu haina bawaba."

Kazi ya nyumbani: sentensi tano za mipango.
Naziandika jikoni kwa mzee Evasio,
ninayemwogesha, ninayemnyoa,
ninayemkatia nyama vipande vya mtoto.
Nafikiria kurudi Bălți.
Natarajia kurudi Bălți kabla ya theluji.
Nimetia nia ya kurudi.
Sentensi tatu, safari moja,
na sanduku juu ya kabati lina skafu mbili na nondo.

Evasio anavaa miwani. Juu ya Bălți hasemi neno.
"Sisi," anasema, "jambo likiwa hakika hatulisukumi mbele.
*Domani parto.* Kesho naondoka. Basi.
Kama mtu asemaye nachemsha maji."
Ni yeye huyu asemaye *domani aggiusto la persiana*,
kesho natengeneza bawa la dirisha,
wakati uliopo, mwaka wa kumi na mmoja sasa,
tangu marehemu Piera alipokuwa bado akimcheka.
Bawa linalia kila upepo ukivuka mto Po.

Wakati ujao nao upo, Ornella ametuambia,
ila mara nyingi watu huutumia kubahatisha.
*Dormirà.* Atakuwa amelala.
Hilo sikuhitaji kufundishwa.
Kule wametutangulia saa moja:
mama atakuwa amelala,
paka atakuwa miguuni pake,
jiko litakuwa limezima.
Wakati ujao wote huo,
na hakuna hata kimoja kinachokuja.

Jumamosi niliazima ngazi kwa jirani.
Evasio akaishika kwa mikono miwili, ikatetemeka naye.
"Unafanya nini huko juu?"
"*Aggiusto la persiana.*"
Hakunisahihisha.
Akanipa parafujo moja, akangoja,
akanipa ya pili.

Leo Ornella amerudisha karatasi.
Sentensi ya tano sikuiandika.
Ya nne, *penso restare*, nafikiria kubaki,
ina duara jekundu katikati,
pale nilipoacha kitu.