Mlango wa Kumi na Tisa

Mvua ya Treorchy haina adabu,
huingia hata mkobani, kwenye vipeperushi.
Nabisha. Bi Eluned Prosser anafungua nusu,
mnyororo hajautoa.

"Natoka chamani," nasema.
"Chama kipi? Kile kilichouza klabu yetu
na kinanda chake humo ndani?"

Nilikuwa na majibu. Nilifundwa siku nzima kule Cardiff,
kwa chai na biskuti:
tabasamu, taja ajira, usibishane.
Yote yakanikaukia mdomoni.

"Basi la saa kumi na moja na robo limefutwa.
Binti yangu anakwenda kwa miguu, gizani,
kuogesha wazee wa watu.
Andika hilo."

Karatasi sina.
Nikampindua mgombea wetu na meno yake meupe,
nikaandika mgongoni.

Tulishindwa. Tena vibaya.
Novemba nikarudi bila beji,
na ratiba mpya imelowa kwapani:
basi limerudi, Jumatatu hadi Jumatano.

Asante hakutoa.
"Na Alhamisi? Na Ijumaa?"
Kisha akafungua mnyororo,
akaenda kutafuta miwani.