Chaji ya Kurudi

Nyuma ya duka la misumari, Mwembe Tayari,
Fundi Msellem aichungulia betri yangu
kama atazamaye koo la mtoto.

"Wafaransa," asema, "babu yangu hajatiwa jandoni,
waliunda chombo cha kuzama, huko Tuloni,
wakakipa jina la mkunga wa umeme.
Hakina moshi, hakina makaa.
Betri tu, mia tano na ushei,
zimebanana kama tende kandani."

Zikiisha je?

Apuliza vumbi kwenye ncha ya risasi.
"Huko chini hakuna soketi, mwanangu.
Kila maili uihesabu mara mbili:
ya kwenda, na ya kurudi bandarini."

Leo manowari ya kigeni imetia nanga Kilindini;
mtaa mzima umekwenda kuitazama.
Yeye hakwenda.
Juu ya kopo la asidi, picha ya Shekue,
mwanawe, fundi umeme wa meli,
mwaka wa kumi na moja sasa, hata salamu.

"Huyu," asema, uso hauinui,
"nilimjaza ya kwenda."

Kisha, kwa sauti ya dukani:
"Mia tatu. Usiiache ikakauka maji."