Kipe Uani

Dafroza amehamisha kamba ya kufulia mara tatu.
Ya kwanza kwa ajili ya mkuku,
ya pili kwa ajili ya mkuku mwingine,
ya tatu hakusema kitu: alifungua fundo kwa meno
akaenda kuanika mashuka kwa jirani.

Huku juu Mwanga, ziwa tunalipata kwa harufu,
dagaa wakianikwa, upepo ukipanda.
Mtu hajengi chombo mlimani, walisema,
labda awe ameoteshwa gharika.
Sikuoteshwa. Niliwakatia watu tiketi za treni
miaka ishirini na sita,
wakaenda Tabora, wakaenda Dodoma, mimi nipo dirishani,
na kiinua mgongo kilipotoka
nikanunua mbao.

Mitumbwi miwili, miti ya kuiunga, wavu katikati:
mtoto wa Kibirizi anakichora kipe kwa kijiti mchangani
kabla hajajua kuandika jina lake.
Mimi nilikichora kwa rula.

Mtumbwi wa pili ukatoka mfupi, vidole vinne.
Nikapima upya kwa futi ya kuazima.
Vidole vinne, vilevile, kama deni.
Nikaushika msumeno niupunguze ule mrefu.

Lakini zilikuwa siku za mbalamwezi,
dagaa hawaijali taa mwezi ukiwaka,
vyombo vimefungwa, mafundi hawana pa kwenda.
Wakapanda mlima.
Ruhaga, tezo begani.
Sango, mwanamke wa kalafati,
vidole vimekunywa mawese hadi kwenye kucha.
Na Mulongecha, aliyevuka kutoka Baraka
na keekee moja na viatu vya mtu mwingine.

Ruhaga aliuzunguka, akagonga ubavu
kama anayebisha hodi.
"Mbaya," akasema.
Akagonga tena, akasikiliza.
"Mbaya. Lakini chombo."

Sango akacheka mpaka akakaa juu ya magogo.
"Changu cha kwanza kilizama kikiwa kimefungwa!
Kamba ilibaki imekaza, chombo hakipo."

Mulongecha ndiye aliyenitoa msumeno mkononi.
"Weka chini, papa.
Bukuru alitangulia, Butoyi akafuata.
Nani alimkata Bukuru miguu ili walingane?"
Tangu usiku ule mitumbwi ina majina,
na ile miti ya kuiunga tumeifunga mshazari kidogo,
ukitazama kwa jicho moja huoni.

Leo tumeijaza maji.
Ndivyo alivyoagiza Sango: maji ndani, macho nje,
mbao ikilia uone inalilia wapi.
Dafroza anamimina, maji ya kununua, ndoo baada ya ndoo,
kisha anazunguka na kipande cha mkaa,
kila tone analichorea duara.
Hanitazami.
"Kumi na saba," anasema kwa ukuta.
Jana yalikuwa arobaini na moja.

Pamba imelala ndani ya mawese, sufuria yake nzuri,
hilo nalo bado hatujalizungumza.

Saa kumi amekuja kijana wa Ruhaga, anahema kwa mlima.
Ametumwa aulize kama nimekata tamaa,
na kama sijakata,
fundi anaomba nimwazime misumari, ya inchi tatu,
yake imemwishia kazini.

Anaomba kwangu.

Nimemhesabia thelathini, mmoja mmoja,
polepole, kiganjani,
kama chenji ya abiria wa daraja la kwanza.