Kundi la Hewa Safi

Saa mbili kasorobo, Jinja. Ukungu wa mto
bado umeng'ang'ania madirisha ya maabara.
Nawapima uzito mmoja mmoja,
kisha nawatia alama mkiani kwa wino mweusi:
mstari mmoja, miwili, mitatu.
Wasio na mstari ni kundi la hewa safi.

Kila panya ana mwanzi wake wa kioo,
pua mbele, mkia nyuma,
kama mhindi ndani ya maganda yake.
Hageuki. Haukukatwa kwa ajili ya kugeuka.
Nafungua vali, na bomba linavuta pumzi
kabla yao.

Hii ndiyo dawa inayoumua godoro.
Kule kiwandani Masese wanaimimina, inafura
kama unga wa mandazi uliosahauliwa juani,
na watu wanalala juu yake, wanaota.
Harufu yake, wanasema, ni tamu kidogo.
Ukishaisikia umeshachelewa.

Muda wa saa sita kazi yangu ni kutazama mbavu.
Pumzi tisini kwa dakika, mzima.
Hamsini, naandika.
Umeme ukikatika, jenereta inakohoa mara mbili
ndipo inashika, na mimi nimeshikilia rejista
kana kwamba itaanguka.

Namba tatu amefumba macho. Puani pake pana wekundu.
"Si damu hiyo," anasema Daktari Tumuhairwe,
"chozi la panya ndivyo lilivyo. Andika."
Nikaandika: chozi.
Akalikata, akaweka neno la kitabuni.

Mugoya, kaka yangu, ana miaka kumi na mmoja akimimina.
Barakoa yake ni leso ya mkewe.
Usiku, Walukuba, ukuta kati yetu ni wa mbao,
namsikia, na vidole vyangu vinaanza vyenyewe:
ishirini na nane, ishirini na tisa, kikohozi,
thelathini na mbili.
"Vumbi tu," husema. "Mvua ikinyesha litatulia."
Mvua imenyesha tangu Machi.

Siku moja nilimwambia: tuna panya arobaini
wanaochunguzwa kwa sababu ya kazi yako.
Akaweka chini bakuli la maharage.
"Wanalipwa?"
"Wanakula bure. Wanapimwa kila asubuhi."
"Basi wamenizidi."
Akacheka, kicheko kikamgeukia,
mkewe akaja na maji.
Tangu hapo humwulizia namba tatu
kama mtu anayeulizia jirani aliyelazwa.

Siku ya ishirini na nane tunawamaliza wote.
Wote. Hata wasio na mstari.
Nilidhani hao watarudishwa bandani.
"Bila wao tutalinganisha na nini?" akaniuliza Daktari,
wala hakuuliza kwa ukali.
Mapafu yao yalikuwa ya waridi, mepesi,
nikiyaweka majini yanaelea
kama maua yaliyodondoka.
Ya namba tatu yalisita kidogo,
yakainama upande,
yakashuka taratibu hadi chini ya glasi.
Nikaandika. Neno la kitabuni, safari hii.

Nimerudi nyumbani mikono inanuka sabuni.
Mugoya amekaa kitandani, mgongo ukutani,
maana akilala chali hewa haimtoshi,
juu ya godoro alilouziwa kwa bei ya mfanyakazi.
"Hajambo rafiki yangu?" akauliza.
Nikavua viatu polepole, kimoja, kingine.
"Hajambo," nikasema.
"Leo amekula vizuri."